UZI: Taa ya njano maana yake simama, siyo kimbiza. Tuelimishane taa na alama za barabarani hapa Dodoma

Mjomba wa Makole ameandika:

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na mpwa wangu, binti wa miaka 22 anayejifunza gari. Yeye kwenye usukani, bango la L mbele na nyuma, mimi nimekaa kushoto kwake. Tulikuwa tunazikaribia taa mojawapo hapa mjini. Tulipobakiza kama mita hamsini, taa ikageuka njano. Akatazama kioo, akakanyaga breki taratibu, gari likasimama nyuma ya mstari mweupe bila hata kuyumba. Nilitaka kumpongeza. Kabla sijafungua mdomo, kirikuu iliyokuwa nyuma yetu ikapiga honi ndefu, ikachomoka kwa kushoto kwetu ikikanyaga ukingo wa barabara, ikaingia kwenye makutano taa ikiwa nyekundu tayari.

Mbele yake kulikuwa na mama anavuka na beseni la zabibu kichwani. Aliruka nyuma, beseni likaenda chini. Zabibu zikatawanyika kwenye lami, nyingine zikaviringika mpaka chini ya gari letu, na taa za upande wa pili ziliporuhusu, matairi yakazipita zote. Mama akabaki amesimama ukingoni, kata ya kitenge mkononi, anaangalia. Kirikuu haikusimama.

Nilishuka, tukamwokotea beseni. Hakuumia, namshukuru Mungu. Lakini kilichonifanya nilete uzi huu ni swali la mpwa wangu tulipoondoka pale: "Mjomba, kwani nilikosea kusimama?"

Hakukosea. Ila najua kwa nini ameuliza. Tangu ameanza kujifunza, kila akisimama kwenye njano anapigiwa honi. Binti anasoma kitabuni jambo moja, barabara inamfundisha jingine, na barabara ina sauti kubwa kuliko kitabu.

Tuanze na hiyo njano yenyewe. Njano ni amri ya kusimama, sawa na nyekundu, isipokuwa kwa dereva ambaye taa imegeuka akiwa karibu mno na mstari kiasi kwamba akifunga breki ataleta hatari. Huyo peke yake ndiye anayeruhusiwa kupita. Wengi wetu tumeugeuza msamaha kuwa kanuni.

Sasa karibu mno ni wapi? Hapa naomba mnivumilie kidogo kwa hesabu, maana ndiyo iliyonifungua macho mimi mwenyewe. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mpaka jicho lione njano na mguu ufike kwenye breki, hesabu sekunde moja: mita 14 zimeshakwenda. Breki nzuri kwenye lami kavu zitahitaji mita nyingine 16 hivi. Jumla mita 30. Kwa hiyo ukiwa mita 40 au 50 kutoka kwenye mstari, unasimama bila wasiwasi wowote. Ukiwa mita 15, pita, umeshachelewa.

Chukua dereva huyohuyo, mpe mwendo wa 80. Sekunde yake ya kwanza inakula mita 22, breki zinadai zaidi ya mita 40. Anahitaji mita zaidi ya 60. Njano ikiwaka akiwa mita 50, hawezi kusimama hata akitaka, na nyekundu inaweza kumkuta kabla hajamaliza makutano. Huyu ndiye atakwambia "njano ilinishtukiza." Mwendo wake ndio uliomnyang'anya nafasi ya kuamua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka 50 kwenye maeneo ya makazi, na mwenye kufanya hesabu hii ataona sababu yake mwenyewe.

Mpwa wangu nimemfundisha achague alama kabla ya kila taa: nguzo ya umeme, mti, kibanda. Njano ikiwaka kabla hajaifikia, anasimama. Ikiwaka ameshaipita, anaendelea bila kusitasita. Anaamua mapema, siyo akiwa tayari amebanwa.

Mji wetu umekua haraka mno. Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016 na mwaka 2018 tukawa jiji, madereva wamekuja kutoka Dar, Mwanza, Mbeya, kila mtu na desturi yake. Na sisi wenyeji wengi tulijifunza gari wakati ukitoka Majengo mpaka Kizota unahesabu magari kwa vidole. Karibuni tuelimishane, kila mtu alete analolijua.

---

Bajaji Nkuhungu ameandika:

Mkuu, pole kwa mama wa zabibu, ila na sisi tusikilizwe. Mimi siku nyingi nasimama kwenye njano. Tatizo ni wa nyuma. Bajaji nikifunga breki, nyuma yangu kuna fuso au daladala, anakuja mzimamzima. Bora nipite kuliko nigongwe kisogoni na abiria watatu.

Halafu swali la pili. Sisi vijana wa vijiweni tunajua kushoto ni huru. Taa nyekundu lakini nakata kushoto, sizuii mtu. Hilo nalo ni kosa?

---

Mjomba wa Makole ameandika:

Mdogo wangu, hoja yako ya kwanza ni ya kweli na sitaibeza. Tazama kioo kabla hujafika kwenye taa, siyo wakati imegeuka. Ukimwona mtu amekung'ang'ania, anza kuachia mafuta mapema na gusa breki mara mbili kidogokidogo ili taa zako za nyuma zimwamshe. Na yule wa nyuma ajue kwamba akikugonga wewe uliyesimama kihalali, kosa ni lake. Umbali ndio uliomshinda. Kipimo chake ni rahisi: gari la mbele likipita nguzo, anza kuhesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili." Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umemkaribia mno. Mvua ikinyesha, hesabu mpaka nne.

Na mvua zetu mnazijua. Miezi inapita bila tone, barabara inakusanya vumbi na mafuta ya magari, halafu Desemba inashuka ya kwanza. Ile nusu saa ya kwanza lami inateleza kama imepakwa sabuni. Watu wengi wanadhani hatari ni mvua kubwa ya Februari, kumbe yale manyunyu ya mwanzo ni mabaya zaidi.

Swali la pili: nyekundu ni nyekundu, hata kwa anayekata kushoto. Unaruhusiwa tu kama kuna mshale wa kijani unaoelekea kushoto, au pametengenezwa njia ya pembeni inayokwepa taa. Hapo pengine unakuta kibao cha kupisha, na unapisha kweli. Unasema huzuii mtu, lakini mtembea kwa miguu aliyeruhusiwa kuvuka yuko hapohapo kushoto unakokata. Kwake yeye ni muda wake wa kuvuka, anatazama mbele, hakutegemei.

---

Mgeni Mtumba ameandika:

Asante kwa uzi huu, mkuu. Mimi ni mmoja wa hao waliohamishwa na ofisi kutoka Dar, kila asubuhi natoka Ilazo kwenda Mtumba. Naomba kuchangia mambo mawili yanayoniumiza.

La kwanza ni hazadi. Mtu amefika makutano, anataka kunyoosha, anawasha indiketa zote mbili kwa pamoja akiamini anatangaza "naenda moja kwa moja." Nililelewa hivyo hata mimi, mwalimu wangu wa udereva ndiye aliyenifundisha. Siku moja nikiwa nimesimama kwenye barabara ya pembeni nasubiri kuingia, gari likatokea kulia kwangu linawaka indiketa ya kushoto. Nikajua anaingia huku kwangu, nikatoka. Kumbe ilikuwa hazadi, na kulikuwa na gari jingine limenificha indiketa yake ya upande wa pili. Tulisimama bamba kwa bamba, nafasi ya kupitisha mkono haikuwepo. Tangu siku hiyo sijawasha hazadi nikiwa natembea kwenye makutano. Anayenyoosha hawashi chochote, na kutowasha ndiyo ishara yake. Hazadi ni ya gari lililoharibika au lililosimama mahali pa hatari.

La pili ni kipilefti. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo tunazunguka kwa kufuata mwelekeo wa saa, na mwenye haki ni yule aliye ndani tayari, yaani anayekuja kutoka kulia kwako. Hilo wengi wanalijua. Kinachokosekana ni indiketa ya kutokea. Ukitaka kutoka njia ya kwanza kushoto, washa kushoto tangu unaingia na ukae mkono wa kushoto. Ukinyoosha, ingia bila indiketa, halafu ukishaipita ile njia iliyo kabla ya yako, washa kushoto. Ukienda kulia au unarudi ulikotoka, ingia na indiketa ya kulia, kaa upande wa ndani, na ukikaribia kutoka badilisha iwe ya kushoto. Indiketa ile ya mwisho inachukua sekunde moja kuiwasha, lakini bila hiyo watu wanne wanasimama wakisubiri gari ambalo halikuwa linawajia.

---

Mama Wawili Kisasa ameandika:

Mimi siendeshi, naomba niongee kwa niaba yetu tunaotembea.

Wanangu wawili wanavuka barabara kubwa kwenda shule, wa darasa la pili na la nne. Nawavusha mwenyewe asubuhi. Kinachonitisha zaidi siyo dereva asiyesimama kwenye zebra. Huyo namwona anakuja, namsubiri apite. Kinachonitisha ni dereva mwema. Anasimama, anatupungia mkono tupite, mimi nawashika wanangu naanza kuvuka, na nyuma ya gari lake anatokea wa pili ambaye hajui kwa nini mwenzake kasimama, anaamua kumpita. Gari la kwanza limemficha asituone, na sisi hatumwoni. Imenitokea mara mbili mwaka huu. Mara ya pili bodaboda ilipita mbele ya mdogo nikamvuta kwa begi, mkanda wa begi ukakatika.

Kaka zangu, gari likisimama kabla ya zebra, usilipite. Chukulia kuna mtoto mbele yake. Na wewe unayesimama, usitupungie haraka. Washa indiketa, gusa breki wa nyuma waone, tazama vioo vyote viwili, ndipo utuite.

---

Mjomba wa Makole ameandika:

Dada, nimesoma ujumbe wako nikamsomea mpwa wangu kwa sauti. Kumpita aliyesimama kwenye kivuko ni kosa la kisheria, na kwa maoni yangu ni baya kuliko kupita nyekundu, kwa sababu kwenye nyekundu angalau mtembea kwa miguu anakuona.

---

Fuso Kibaigwa ameandika:

Nyie mnaongelea mjini, mimi ngoja niwape ya njia kuu. Nabeba mahindi kutoka Kibaigwa, nashuka Morogoro, mara nyingine napandisha Manyoni, Singida, mpaka Sekenke.

Madereva wa malori tuna lugha yetu ya indiketa. Uko nyuma yangu hunioni mbele, nikikuwashia kulia nakwambia "tulia, kuna gari linakuja." Nikikuwashia kushoto nakwambia "pita, njia nyeupe." Lugha hii imeokoa watu wengi usiku. Lakini leo nawaambieni kwa moyo mmoja: msiiamini. Kulia kwangu inaweza kuwa nakukataza, inaweza pia kuwa nakata kweli kuingia kijijini. Kushoto kwangu inaweza kuwa nakuruhusu, inaweza kuwa naegesha kwa sababu tairi limepasuka. Halafu mimi naona mbele kwa macho yangu na mwendo wangu, sijui gari lako lina nguvu kiasi gani. Lori langu nililosheheni likienda 60, wewe kunipita unahitaji njia wazi ndefu sana. Anayekuja mbele akiwa 100 anakula mita 28 kila sekunde, na ukitumia sekunde kumi kunipita ameshakukaribia mita 280, hujaweka na zako. Tazama mwenyewe. Hujaona mbali ya kutosha, kaa nyuma yangu, tutafika.

Mistari ya katikati iheshimuni. Mstari ukikatikakatika, unaweza kuvuka kama mbele ni salama. Mstari ukiwa mzima, usivuke. Ikiwa miwili sambamba, mmoja mzima na mmoja wa kukatika, unaofuatwa ni ulio karibu na upande wako. Aliyeuchora mstari mzima kwenye kona au mlimani alipapima, aliona kwamba ng'ambo haionekani. Wewe unapita pale mara moja kwa mwezi unajiona unapajua kuliko yeye.

Kibao cha 50 nacho hakiishi kwa sababu nyumba zimeisha. Kinaishi pale penye kibao cha kufuta, kile chenye mistari iliyokatiza. Wengi wanapigwa tochi ya kupima mwendo katikati ya hapo wakilalamika wameonewa. Na kwetu wenye magari yanayozidi kilo 3,500, hata nje ya vijiji mwisho ni 80.

Usiku punguza taa ukikutana na mwenzako. Asipopunguza yeye, usimlipize kwa full, maana mtakuwa vipofu wawili mnaokaribiana. Achia mafuta, peleka macho kwenye ukingo wa kushoto wa lami mpaka apite. Na ukiona ng'ombe mmoja amevuka, usikimbilie kupita. Ng'ombe wa kwetu hawatembei mmojammoja, na nyuma ya wote kuna mtoto na fimbo.

---

Mzee Stesheni ameandika:

Wanangu, nimefurahi kuona vijana mnaongea mambo ya maana. Mimi ni mstaafu wa reli.

Niwape kidogo asili ya hizi taa. Rangi hizi zilianzia relini kabla hazijafika barabarani. Taa ya kwanza ya kuongoza barabara iliwekwa London mwezi Desemba 1868, nje ya jengo la Bunge lao, na aliyeibuni alikuwa mhandisi wa reli, John Peake Knight. Ilitumia gesi, na askari ndiye aliyekuwa anaigeuza kwa mkono, nyekundu na kijani. Haikumaliza hata miezi miwili, Januari gesi ikalipuka ikamjeruhi askari. Taa ya umeme ilikuja baadaye sana. Nikiwaza kwamba Dodoma nayo imekuzwa na reli, iliyofika hapa mwaka 1910 wakati wa Wajerumani, naona taa hizi zimerudi nyumbani.

Sasa lililonileta. Treni mpya ya umeme ina uzio na madaraja yake, barabara na reli havikutani. Lakini reli ya kati, hii ya zamani, bado inakatiza barabara sehemu nyingi, na nyingine hazina kizuizi wala mlinzi. Treni ya mizigo haina usukani, na breki zikifungwa inaweza kwenda kilomita nzima ndipo isimame. Dereva wa treni akikuona umekwama relini, anachoweza kufanya ni kupiga honi na kufunga breki, basi. Nimekaa na madereva wa namna hiyo baada ya tukio. Hawalali.

Ukifika relini simama, shusha kioo, zima redio, tazama kulia na kushoto, halafu tazama tena. Usiingie relini kama ng'ambo magari yamesimama na hakuna nafasi ya gari lako zima kutoka. Weka gia ndogo kabla hujaingia, usibadilishe gia ukiwa juu ya reli. Gari likizima juu ya reli na haliwaki, toa watu kwanza. Gari liache.

---

Mjomba wa Makole ameandika:

Shikamoo mzee. Hilo la kutoingia mpaka uone nafasi ya kutokea, naomba nilihamishie na kwenye taa. Kijani inasema njia ni yako kama iko wazi. Ukiona mbele foleni imesimama, baki nyuma ya mstari hata kama kijani inawaka. Ukiingia ukakwama katikati, taa ikigeuka umeziba pande zote nne. Na unayekata kulia kwenye kijani ya kawaida isiyo na mshale, wapishe kwanza wanaonyoosha kutoka mbele yako.

---

Mzee Stesheni ameandika:

Marahaba, mwanangu. Sawasawa kabisa.

---

Leseni Mpya ameandika:

Shikamooni wakubwa. Nina leseni ya wiki tatu tu, naomba kuuliza bila kuchekwa. Umeme ukikatika taa zikazima zote, nani anaanza? Na trafiki akiwepo, anasema njoo wakati taa ni nyekundu, nimtii nani? Juzi niligoma kwenda, akanifokea.

---

Filimbi ameandika:

Kijana, hapa hachekwi mtu. Niliifanya kazi hiyo ya kusimama katikati miaka mingi, ngoja nikujibu.

Trafiki yuko juu ya taa. Akikwambia nenda, nenda hata kama ni nyekundu. Akikwambia simama, simama hata kama ni kijani. Anaona ambacho taa haioni: msafara unakuja, gari la wagonjwa, ajali upande wa pili. Baada ya trafiki zinakuja taa, baada ya taa ndipo vibao na mistari.

Msome mikono yake. Akiinua mkono juu, kiganja kinakuelekea, anasimamisha wanaotoka mbele yake. Akinyoosha mkono pembeni usawa wa bega, anasimamisha wanaotoka nyuma yake. Ukiwa ubavuni mwake na anakuvuta kwa mkono, ndiyo zamu yako. Wengi walikuwa wananiangalia usoni wakisubiri nitabasamu. Angalia mikono.

Taa zikizima zote na hakuna trafiki, hayo sasa ni makutano yasiyo na taa. Punguza mpaka unaweza kusimama, simama kama huoni vizuri, mpishe anayetoka kulia kwako. Taa ikiwa njano inayopepesa, ni tahadhari: punguza, tazama, pita kwa uangalifu.

Kuhusu gari la wagonjwa, kuna kosa nililiona mara nyingi. Mtu yuko kwenye nyekundu, ving'ora vinalia nyuma, anapaniki, anajitupa katikati ya makutano kumpisha. Sogea kushoto kadiri nafasi inavyoruhusu na ubaki hapo. Dereva wa gari la wagonjwa atatafuta njia, hataki umpe mgonjwa mwingine wa kubeba.

Faini ya papo kwa papo, watu wanaiogopa hiyo. Nilikuwa natamani waogope lile shuka jeupe tulilokuwa tunabeba nyuma ya gari letu.

---

Leseni Mpya ameandika:

Nashukuru sana mzee wangu. Kumbe nilimkosea yule askari. La mwisho: vibao ni vingi, mnavikumbukaje vyote?

---

Mjomba wa Makole ameandika:

Usianze na picha, anza na umbo. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Duara la bluu linaamrisha. Pembetatu inayotazama juu inakuonya kuna jambo mbele: kona, ng'ombe, watoto, reli. Maumbo mawili yamepewa upekee wake: pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, ambayo ni kupisha, na pembe nane nyekundu, ambayo ni kusimama kabisa, magurudumu yatulie hata kama hakuna gari. Yamefanywa ya pekee ili uyatambue hata maandishi yasiposomeka. Kwa vumbi la Agosti hapa kwetu, kuna pembe nane nimezipita ambazo huoni hata herufi, lakini umbo linatosha. Na ukiwa nyuma ya kibao, upande usio na rangi, umbo hilo linakwambia kwamba yule wa barabara ya pili ndiye anayetakiwa kusimama.

---

Bajaji Nkuhungu ameandika:

Mjomba, leo nimesimama njano zote. Nimehesabu, tano. Nimepigiwa honi tatu. Kwenye ya nne, bajaji ya mwenzangu wa kijiweni ilikuwa ubavuni, na yeye akasimama, akaniuliza "vipi, kuna trafiki?" Nikamwambia hakuna. Akakaa tu tukasubiri wote.

Ila kuna zebra moja huku kwetu imefutika kabisa, hata mwenyeji haioni. Hiyo unasimama vipi?

---

Mjomba wa Makole ameandika:

Umenigusa, mdogo wangu. Hata pale mama alipomwagiwa zabibu mistari imebaki vivuli. Kilichofutika kipakwe rangi upya. Nitakwenda kwa mtendaji wa mtaa Jumatatu na barua ya kuomba irudishwe. Nikutumie nakala ubadilishe jina la mtaa, upeleke na ya kwenu. Mama Wawili, kama kuna wazazi wenzako wa hapo mnapovukia watakaotia saini, nitumie majina niwaandikie ya tatu.

Jana nilimpitia yule mama. Yupo na beseni jipya la plastiki, la bluu. Nimenunua kilo mbili, na mpwa wangu ameshuka mwenyewe kumlipa.